Gari Hili ni Zima

Afisa aliyekuja kuliua gari letu alikuwa na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na hakuinama hata mara moja. Nataka hilo lijulikane kwanza. Mtu anayetaka kujua gari linaumwa nini huinama, hulala chini, huchafuka mgongo. Yeye alilizunguka kama mnunuzi anayemzunguka mbuzi asiyemtaka, akalipiga teke tairi la mbele, akaandika. Kisha akatusomea alichoandika: Landrova ya kijiji imechakaa kwa chini, haifai kubeba watu, mwisho wa mwezi itavutwa kwenda kwenye yadi moja mjini Kilosa ikasubiri spea.

"Spea zenyewe zitakuja lini?" nikamuuliza.

"Zimeagizwa, ndugu dereva."

Zimeagizwa! Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tuliishi na neno hilo kama tunavyoishi na mbu. Sabuni imeagizwa, betri za redio zimeagizwa, majembe yameagizwa. Yadi yenyewe nilikuwa naijua. Nilishaona magari ya vijiji viwili yakiingia pale kusubiri, na mara ya mwisho nilipopita nyasi zilikuwa zimefika madirishani.

Gari likienda, tunarudi kwenye kitanda. Nieleze kwa asiyejua. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku kwa miguu mpaka hospitali, na kabla ya gari mgonjwa alibebwa juu ya kitanda cha kamba, mabegani mwa wanaume wanne. Mama yangu mdogo alibebwa hivyo akiwa na uchungu wa kuzaa. Alikata roho njiani. Mimi nilikuwa nyuma ya kitanda kile, nimebeba kanga zake na kanga ya mtoto ambaye hakuzaliwa. Ndiyo maana siku ile nilimjibu afisa kwa sauti ambayo mwanamke hakutazamiwa kuwa nayo mbele ya mkubwa.

"Gari hili haliendi popote."

"La kuvunda halina ubani, mama," akasema, na watu wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Ubani ninao mimi. Wewe si ndiye uliyesimama hapa mwezi uliopita ukatufundisha kujitegemea? Basi tuache tujitegemee!"

Hapo hawakucheka. Akafunga daftari lake, akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema haya, kama mama dereva anadai gari ni zima, Jumamosi ya mwisho wa mwezi alipakie magunia sita ya mahindi, ayapeleke Mikumi kwenye kambi ya wajenga barabara, na arudi siku hiyohiyo mpaka barazani kwake, Kilosa. Likifika, ataandika ni zima kwa mkono wake. Lisipofika, litachukuliwa hapohapo litakapokuwa limelala. Aliyasema hayo mbele ya kijiji kizima, na mimi mbele ya kijiji kizima nikasema nimekubali. Hofu nilikuwa nayo, lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia.

Udereva sikupewa kwa kuhurumiwa. Baba yangu alikuwa fundi kwenye karakana ya shamba la mkonge, tangu kabla ya Uhuru, nami nimekulia chini ya malori nikimpa spana. Kijiji kilipopata gari, wanaume watatu walijitokeza kuliendesha. Wa kwanza aliliingiza kwenye mtaro, wa pili kwenye jiko la shule, wa tatu akasema mgongo unamuuma. Nikapanda mimi. Baba alikuwa ameshafariki wakati huo, ila maneno yake nilikuwa nayo: gari husema ukweli kwa chini, juu ni rangi tu.

Kupima hakutaki hela, kunataka mgongo. Nilianza na akina mama waliokuwa wanatoka kisimani. Niliwaomba watue ndoo, wapande nyuma wote, kisha washuke kwa mara moja. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka, mara tano bila kutulia. Basi shokamzoba zimekufa. Gari lenye shokamzoba nzima huinuka mara moja likanyamaza. Akina mama walifurahi mno, wakadai wapande tena, eti wapime vizuri zaidi.

Halafu nikalala chini. Springi za gari lile zilikuwa mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mwisho wa springi kuna tundu lenye bushi ya mpira ili chuma kisile chuma. Kwenye matundu yale nikakuta unga mwekundu wa kutu. Nilichomeka bisibisi ndefu kati ya springi na fremu, nikasukuma, na springi ikacheza huku na huku kama jino la mtoto. Mpira ulikuwa umekwisha wote. Upande wa kulia bapa la tatu limekatika kabisa, ndiyo maana gari lilikuwa linainamia kulia.

Nilifurahi, mtu asinishangae. Ugonjwa ukishajulikana jina, hofu inapungua nusu.

Mpira niliupata kwenye mashamba ya mkonge, kipande cha mkanda wa mashine ya kusindikia uliokatika na kutupwa. Mkanda ule una nguo ndani ya mpira, mgumu kuliko tairi. Niliukata kwa kisu nilichokuwa nakichovya kwenye maji ya sabuni, maana mpira mkavu huking'ang'ania kisu. Matundu nikatoboa kwa nondo iliyotiwa moto mpaka ikawa nyekundu. Uwanja wangu ulinuka wiki nzima, kuku wakahamia kwa jirani. Vipande vilivyokuwa vinene nikavisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka vikaingia kwa nyundo, kwa taabu, kama inavyotakiwa.

Bapa la springi lilinipeleka milimani, kwa mhunzi mzee. Kila mtu alijua springi za magari zinaishia kwake, anazifua mapanga na majembe. Nikamkuta ameketi mbele ya vyuma vyake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu. Unataka panga?"

"Nataka springi."

Alicheka mpaka akakohoa. Miaka yote watu wanamletea springi wapate jembe, hajaona mtu anayekuja kuirudisha. Lakini alinipa, na akanifunza jambo: nisikubali mtu yeyote aitie moto ili kuinyoosha, kwani ikipoa ovyo inalegea, inakuwa ukanda. Nikaikata kipimo kwa msumeno wa chuma, siku mbili, malengelenge viganja vyote viwili. Shokamzoba sikuwa na namna. Nilizipima nne zote kwa kuzivuta kwa mkono, mbili zenye uhai kidogo nikazifunga mbele, mbili maiti nikazirudisha nyuma. Nikasema magunia yatatuliza huko nyuma.

Mwisho nikainua gurudumu la mbele la kulia kwa jeki, nikalishika mkono mmoja juu na mwingine chini, nikalitikisa. Likacheza. Nikasema beringi. Nikafungua, nikapaka grisi, nikakaza nati. Likacheza bado, kidogo tu. Nikajiambia kidogo si neno.

Hapo ndipo alipokuja mtani wangu.

Alikuwa Mnyamwezi wa genge la reli, anakaa kota za reli pale Kilosa, ila alikuwa na kishamba cha mpunga karibu nasi. Sisi Wasagara na wao ni watani, na utani wetu haukuwa wa kuchezea maneno tu. Ni wao wanaotuchimbia kaburi na kutuchekesha tukiwa tunalia. Huyu alikuwa ameshaamua zamani kwamba gari letu limefariki. Kila alipoliona alivua kofia yake ya reli, akaiweka kifuani, kisha akaivaa tena ili apate mikono ya kujishika kichwa.

"Uwii! Marehemu wetu! Mbona hamjamzika mpaka leo? Mnasubiri wajomba kutoka wapi?"

"Nyamaza, mchukuzi! Nyie mliokuja kwa miguu na mizigo kichwani mnajua nini habari ya magurudumu?"

Siku ile, baada ya kulia vya kutosha, aliinama. Alilitikisa gurudumu, akasikiliza. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya msibani, "Mtani, panda ukanyage breki, mimi nitikise. Likiendelea kucheza na breki imekanyagwa, si beringi hiyo. Ni pini ya juu, hii inayolishika gurudumu likikata kona. Imekwisha. Itakuua kabla hujaiona Mikumi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Ukisikia nimekufa uje ule ubwabwa," nikamwambia.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akachukua jembe lake akaenda zake. Na hilo nalo nikaliona tamu, nikawasimulia majirani jioni ile. Ndivyo tulivyo sisi. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamuuliza kama amekuja na mahindi ya kuchoma.

Jumamosi niliondoka asubuhi, magunia sita nyuma, peke yangu mbele. Kijiji kilikuja kutazama, wengine wakishangilia, wengine wamefumba midomo. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi miaka ile ilikuwa makorongo yaliyounganishwa na vumbi, lakini jamani, gari lilikuwa kimya! Kule chini ambako zamani kulikuwa kunagonga kama watwangaji watatu, sasa hakuna neno. Lilisimama sawa, halikuinamia upande. Niliimba. Nilimtukana afisa kwa wimbo, nikamtaja na kalamu zake.

Karibu na kijiji kinachoitwa Ulaya, pale reli ya Kidatu inapoikata barabara, kuna mteremko na mwisho wake kalvati. Gurudumu la kulia liliingia kwenye shimo dogo tu, shimo la kuku kuogea vumbi. Usukani ukaanza kutetemeka. Nikaushika. Ukaanza kunipiga mikono, kisha gari zima likacheza, magunia yanaruka, kichwa changu kinagonga paa, naona barabara mara mbili. Sikukanyaga breki, baba alinikataza hilo tangu nina miaka kumi. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikang'ang'ania, nikaita majina yote ya Mungu ninayoyajua, mpaka pua ya gari ikaingia kwenye magugu na kusimama.

Nilishuka. Nikakata fimbo, nikaikaza kati ya kiti na pedeli ya breki, nikainua gurudumu kwa jeki, nikalitikisa. Breki imeshika, na gurudumu linacheza.

"Pini!" nikapiga kelele, peke yangu porini. "Pini, mjinga wewe! Mwanamke mjinga!"

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Nilikiona kile kitanda. Nilimwona afisa akiandika. Niliona kwamba watasema ni kwa sababu ni mwanamke, wala hawatasema ni kwa sababu alicheka alipoambiwa kweli. Kisha nikajifuta kwa kanga na kuchukua spana, maana kulia hakukazi bolti.

Nilikuwa nimeshafungua bolti nne za pini niliposikia toroli la reli. Wanaume wanne, na mmoja wao ni yeye. Genge lao lilikuwa linakagua njia upande ule. Walisimamisha toroli, akashuka kwenye tuta. Nikasubiri maombolezo. Nilikuwa nimejiandaa kumrushia spana akianza.

Hakuanza. Alivua kofia, akabaki nayo mkononi.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Nilikwambia."

"Uliniambia kwa mdomo wa mtani!"

"Mtani ana mdomo mmoja tu," akasema. "Ungekufa, ningekuja kukuzika na kuchekesha watu, ndiyo kazi yangu. Lakini sikutaka kuifanya kazi hiyo mwaka huu. Sasa niambie, siku nikitaka kukwambia kweli, nifanyeje?"

Nikamtazama. Sikuwahi kukiona kichwa chake kwa muda mrefu hivyo; kilikuwa na upara katikati.

"Fanya hivyo hivyo," nikasema. "Vua kofia, na usiirudishe."

Pini ilitoka imelika upande mmoja kama kipande cha sabuni. Alinyoosha mkono aichukue, nikamwambia aondoe mikono yake, gari ni la kwetu na kosa ni la kwangu, yeye ashike gurudumu tu lisicheze. Akashika. Nilikuwa na kopo la mafuta ya kupikia ninalobebea maji ya rejeta. Nikamwaga maji, nikalipasua kwa mkasi wa bati, nikakata ukanda mwembamba, nikauzungushia pini pale ilipolika. Mara ya kwanza ukawa mnene, haiingii. Mara ya pili mwembamba, inacheza. Mara ya tatu iliingia kwa kugongwa polepole na kipande cha mti. Nikapaka grisi, nikafunga, nikakaza bolti mpaka mishipa ya shingo ikauma. Nikatikisa. Kimya.

"Polepole kwenye mashimo," akasema, kofia bado mkononi. Safari hii nilimsikia.

Mikumi nilifika jua limepita utosini, na kurudi nikarudi kwa mwendo wa mbuzi, nikilikwepa kila shimo. Ilipofika saa kumi na moja jioni nilisimamisha gari mbele ya baraza ya afisa. Alikuwa ameketi na wageni wake, anakunywa chai. Alitoka, akanyoosha mguu alipige teke tairi.

"Hapana," nikasema. "Inama."

"Nini?"

"Inama, ndugu afisa. Umeliua bila kuinama. Kulifufua utainama."

Wageni walikuwa wanatazama. Akainama. Kalamu zote tatu zikachomoka mfukoni, zikaanguka vumbini chini ya gari, ikabidi apige magoti kuzitafuta. Nikamwonyesha bushi za mkanda wa mkonge, moja moja, nikamwonyesha bapa lililonusurika kuwa jembe. Ya pini nilimwambia pia, na bati lake, kwa sababu sikutaka ushindi wenye uongo ndani. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipoinuka aliandika maneno matatu, gari ni zima, akatia sahihi. Karatasi ile niliibandika kwenye kioo, mpaka jua likaula wino.

Bati lilidumu wiki tatu, hata nikapata pini iliyochongwa kutoka kwenye ekseli kuukuu. Kitanda cha kamba kiliwekwa kwenye ghala, panya wakazaana humo. Nilibeba wajawazito, nikabeba waliong'atwa na nyoka, na mtoto mmoja alizaliwa juu ya magunia matupu kabla hatujafika hospitali. Mtani aliendelea kuliomboleza gari kila alipoliona, kofia kifuani kisha kichwani, nami niliendelea kumtukana mababu zake.

Mtani alifariki miaka michache baadaye, kwa homa, kabla mpunga wake haujavunwa. Nilikwenda na gari. Jeneza lake lilipakiwa nyuma, pale pale alipokuwa akipaangalia na kulia uongo, tukatoka kanisani kwenda makaburini. Sikulia. Nilikuwa na kazi. Mtani ana haki ya kuzuia maiti njiani, na kudai, na hakuna anayeweza kumkasirikia.

Katikati ya njia nilizima gari, nikashuka, nikakaa juu ya boneti.

"Siendi!" nikawaambia. "Huyu mchukuzi amelizika gari langu miaka yote, leo anapanda bila aibu! Haliwaki mpaka mmoja wenu, kwa niaba yake, aseme gari hili ni zima. Semeni, nisikie!"

Waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka, kama inavyopasa. Mjane wake hakucheka. Alikuja mpaka kwenye boneti, amekumbatia ile kofia ya reli.

"Alishasema," akaniambia. "Kila akirudi kutoka huko kwenu. Anakaa chini, anasema hakuna gari zima Kilosa nzima kama lile, wala fundi kama yule."

"Alikuwa anatania," nikasema.

"Sijui mambo yenu ya utani. Najua alikuwa anavua kofia, na hakuirudisha."

Nikashuka kwenye boneti, nikawasha gari.